Makazi Namba 417

Si zamani za kale. Ni juzi juzi tu, na pengine hata jana, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Mbeleko. Msiniulize iko upande gani wa ramani, mimi ni msimuliaji, si mpima ardhi. Ninachojua ni kwamba nchi hiyo iliwapenda sana wanawake. Iliwapenda kuanzia kitovuni kwenda chini. Huku juu, kwenye mdomo na kichwa, mapenzi yalikuwa hayajafika, maana bajeti haikutosha.

Kwa mapenzi hayo ikaundwa Wizara ya Matumbo na Vizazi Vijavyo. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Fumbwe, bwana ambaye hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kikombe cha chai, lakini aliyejua kila jambo kuhusu kubeba mimba. Siku ya kuizindua wizara alipanda jukwaani akaagiza aletewe mgomba. Askari wanne wakauleta, mzima, na mkungu wake ukining'inia.

"Akina mama," alisema Waziri, "utazameni mgomba. Mgomba huulizwa kama uko tayari kuzaa? Hauulizwi. Unazaa. Na ukishazaa unakatwa, na hamjapata kusikia mgomba ukilalamika. Huyo ndiye mwanamke wa Mbeleko."

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu iliandikwa kwenye ratiba: saa nne na dakika kumi, vigelegele, dakika mbili.

Sheria ikapita wiki ile ile. Ilisema mimba ni raia kamili tangu siku jirani anapoishuku. Si siku mama anapoijua, maana mama anaweza kukosea, jirani hakosei. Raia huyo apewe kitambulisho chenye picha, yaani picha ya tumbo, kitovu kikiitazama kamera, na tumbo lisivutwe ndani. Jinsia: mwanamume, mpaka ithibitike vinginevyo. Kazi: bado. Mahali anapoishi: hapo sasa ndipo mama alipopata nafasi yake, naye aliandikwa kwa namba. Tangu siku hiyo hakuwa tena mama wala mke wala mtu wa kazi fulani kwenye faili za serikali. Alikuwa Makazi. Makazi yasitoke nje ya wilaya bila kibali cha mkazi. Makazi yasipande bodaboda. Makazi yasile pilipili. Na juu ya yote, mkazi asiondolewe kwenye makazi kwa sababu yoyote ile mpaka Baraza liketi na kumsikiliza.

Basi katika wilaya ya Kisima, kwenye Ofisi ya Raia Wasiozaliwa, alikuwapo karani mmoja jina lake Sikudhani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa karani yeyote wa Mbeleko. Mkuu wake wa kazi, Bwana Alfani, alikuwa akitia sahihi bila kusoma kila karatasi iliyotoka mkononi mwake. "Mwandiko kama huu," alikuwa akisema, "hauwezi kusema uongo." Sikudhani alifurahi kusikia hivyo. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Tatizo lake ni kwamba aliamini jambo likishaandikwa vizuri linakuwa zuri.

Mwaka wa nne wa sheria hiyo wizara ilitangaza shindano la Karani Bora, zawadi yake seti ya masufuria saba yenye vifuniko. Ilipofika siku za mwisho Sikudhani alikuwa ameandikisha raia mia nne na kumi na sita. Karani wa wilaya jirani naye alikuwa na mia nne na kumi na sita. Alihitaji tumbo moja.

Jumapili hiyo mdogo wake, Havijawa, alikuja kumsalimia. Havijawa alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa maneno, ameolewa na mwashi aitwaye Shomari. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na mama alikwishatangulia mbele ya haki. Wakakaa jikoni. Sikudhani akaanza kukaanga vitunguu, Havijawa akaziba pua akahamia mlangoni. Kisha akatoa kitu kwenye pindo la kanga, akamega, akatia mdomoni. Ulikuwa udongo.

"Havijawa," akasema Sikudhani, "una kitu."

"Dada, usiseme. Hata Shomari sijamwambia, miezi miwili haijatimia. Mama alitufundisha nini? Tumbo changa halitangazwi. Linasubiriwa mpaka lijiseme lenyewe."

"Hayo ya mama yalikuwa ya zamani. Ukiandikwa unapata chandarua."

"Chandarua ninacho."

"Utapata kingine."

Havijawa akacheka, akijua dada yake anatania. Jumatatu asubuhi Sikudhani akafungua daftari, akaandika kwa wino mweusi, herufi zimesimama wima: Raia namba 417. Makazi namba 417. Alhamisi masufuria yakaletwa kwa gari la wizara, na picha yake ikatoka gazetini ameshika kubwa kuliko yote, uso wake ukionekana kwenye kitako cha sufuria.

Havijawa alinuna wiki nzima. Kisha akaja, maana damu nzito kuliko maji, akapiga picha ya tumbo lake kama sheria ilivyotaka, akapika wali kwenye sufuria la tatu na kusema, "Angalau ni mazito, hayaunguzi." Mambo yakaisha, au walidhani yameisha.

Mimba ilipoingia mwezi wa tano Havijawa akaenda kwenye zahanati ya Kisima kwa Bi Nyamizi, mkunga. Bi Nyamizi alikuwa amepokea nusu ya wilaya, pamoja na Bwana Alfani mwenyewe, ambaye alitanguliza miguu na tangu hapo hajabadilika. Sikudhani alimsindikiza mdogo wake. Bi Nyamizi akaweka kibomba chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Kisha akakiweka kando, akalaza sikio lake mwenyewe. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mtoto amelala."

"Ataamka?"

"Huyu haamki."

Havijawa hakulia papo hapo. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akauliza amefanya nini. Bi Nyamizi akamwambia hakufanya kitu, haya hutokea kwa mwenye heri na kwa asiye na heri, na hakuna pilipili wala bodaboda yenye kosa. Kisha akamgeukia Sikudhani, na sauti yake ikabadilika.

"Zamani ningemsafisha leo hii, kesho kutwa yuko kwake anakunywa uji. Miaka thelathini na moja naifanya kazi hii. Lakini huyu ana namba. Mwenzangu wa Mtakuja aliondoa mkazi mfu bila Baraza, sasa ni mwaka wa tatu yuko jela, na watoto wake wanalelewa na majirani. Nenda kaniletee karatasi, Sikudhani. Karatasi moja. Na uende upesi, maana kilichokufa ndani ya mtu hakikai bure, kinaoza, na kikioza kinamla aliyekibeba."

Sikudhani akaenda mbio. Hata hakuwa na hofu sana. Karatasi! Ndiyo kazi yake.

Alimkuta Bwana Alfani anakata kucha.

"Raia namba 417 amefariki, bosi. Naomba cheti cha kifo, ili mkunga amtoe."

"Haina shida. Leta cheti chake cha kuzaliwa."

"Hajazaliwa, bosi."

"Basi hajafa." Bwana Alfani akapuliza kucha. "Wewe si mgeni hapa, Sikudhani. Mtu anazaliwa, kisha anakufa. Hawezi kuruka foleni."

"Mdogo wangu ataumwa."

"Mdogo wako ni nani kwenye faili?"

Sikudhani aliijua faili hiyo, aliiandika yeye.

"Ni makazi," Bwana Alfani akamsaidia, tena kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. "Makazi yakiwa na hitilafu tunajaza fomu ya ukarabati. Bahati mbaya fomu za ukarabati ziliisha mwezi wa tatu. Kilichobaki ni kumpa mkazi notisi ya kuhama. Kwa kawaida ni siku tisini. Lakini kwa kuwa wewe ni Karani Bora, nitaliomba Baraza lije Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi Baraza likafika nyumbani kwa Shomari. Wajumbe walikuwa saba, wote wanaume, na mdogo wao alikuwa na miaka sitini na minne. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tindwa, hakimu mstaafu. Alikuwapo mtaalamu wa mifugo, kwa upande wa sayansi. Walikuwapo viongozi wawili wa dini mbili ambazo hazijawahi kukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa hiki. Waliobaki waliteuliwa kwa busara zao, na mmoja wao busara zilimlemea akasinzia kabla ya kikao kufunguliwa. Havijawa alikuwa amelazwa kitandani sebuleni, homa imeanza kumpanda. Sikudhani alikaa pembeni na daftari mapajani, maana yeye ndiye aliyepangiwa kuandika mwenendo wa kikao.

Tarishi wa Baraza akavaa miwani, akasogeza kipaza sauti karibu na kitovu, akasoma:

"Kwa Raia namba 417, popote ulipo ndani ya makazi hayo. Unaarifiwa kwamba ombi limeletwa la kukuondoa. Kama una pingamizi, sema sasa."

Wakasubiri dakika kumi kwa saa ya Mwenyekiti. Kuku alipita uani. Raia hakusema kitu.

Sikudhani akainuka. "Amenyamaza, wazee wangu. Na kwetu anayenyamaza amekubali. Ndivyo mlivyoniozesha mimi. Niliulizwa kama nimeridhia, nikanyamaza, mkasema kimya chake ndiyo ridhaa yake, mkala."

Mzee Tindwa akatabasamu kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Binti yangu, mwanamke akinyamaza ameridhia. Mwanamume akinyamaza anatafakari."

Wajumbe wote wakatikisa kichwa kukubali. Hata yule aliyesinzia alitikisa. Wakaamua Raia apewe siku tatu zaidi za kutafakari.

Ndipo Havijawa akajiinua kwa kiwiko. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Na mimi je?" akauliza. "Mimi nimesema tangu Jumatatu. Nani ananisikiliza mimi?"

Mwenyekiti akaangaza huku na huku. "Nani anazungumza?"

"Ni makazi, mheshimiwa," akajibu tarishi.

"Basi karani aandike kwamba makazi yalitoa sauti."

Na Sikudhani akaandika. Mimi ninayewasimulia haya sitawaficha: aliandika. Mkono wake ulizoea kuandika anachoambiwa, ukaandika kabla yeye hajafikiri, tena kwa herufi nzuri, makazi yalitoa sauti. Kisha akaenda kuwapakulia wageni pilau, kwa sababu wazee hawaondoki bila kula, na pilau ilikuwa imepikwa kwenye yale masufuria saba. Walikula wakasifu. Mtaalamu wa mifugo akaomba ukoko.

Ijumaa homa ikawa moto. Jumamosi Havijawa akaanza kunuka, na yeye mwenyewe alijua, akawa anamwomba Shomari msamaha na kumwambia afungue dirisha. Shomari alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mikono yake ya uashi iliyojenga nusu ya Kisima imelala mapajani haina la kufanya. Jumapili asubuhi akambeba mkewe mgongoni mpaka zahanati, kwa sababu zahanati ya Kisima ilikuwa inaomba gari la wagonjwa kwa mwaka wa tisa na majibu yalikuwa bado njiani.

Asubuhi hiyo hiyo Sikudhani alikwenda nyumbani kwa Bwana Alfani akiwa na karatasi kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa za kuagiza wino. Ya kumi na mbili ilikuwa kibali cha kumwondoa mkazi. Bwana Alfani, angali na kanzu ya kulalia, akatia sahihi zote kumi na mbili juu ya goti lake bila kusoma hata neno moja, akasifia mwandiko.

Mtaniuliza, kwa nini hakufanya hivyo Jumatatu? Swali zuri. Na yeye alijiuliza hilo njia nzima akikimbia, kandambili moja imekatika mkanda, na sidhani kama ameacha kujiuliza mpaka leo. Jumatatu aliamini kwamba taratibu zina masikio.

Alipofika, Bi Nyamizi alikuwa ameshaanza bila karatasi. Alikuwa ameyaona macho ya Havijawa, akasema jela na iwe jela. Mtoto alikuwa ametoka, amefungwa kwenye kitambaa. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Bi Nyamizi alimtazama Sikudhani, akatikisa kichwa mara moja, akarudi kukanda miguu iliyokuwa inapoa.

Havijawa alifumbua macho. "Dada. Umeandika nini safari hii?"

"Nimeandika jina lako."

"Lisome nilisikie."

Sikudhani akaitazama karatasi. Kwa mazoea ya mkono wake, hata kwenye kughushi, hata kwenye karatasi ya kumwokoa, alikuwa ameandika: Makazi namba 417. "Havijawa binti Mfaume," akasoma, akiwa anatazama pasipoandikwa kitu.

"Vizuri," akasema Havijawa. Adhuhuri ikamkuta hayupo.

Walimzika siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, na mtoto wake kifuani pake, ndani ya sanda moja. Wanaume walichimba kaburi, lakini kitambaa kile hawakukiona. Hiyo ndiyo mila ya Kisima tangu asili: mtoto asiyefika huzikwa na wanawake. Haijawahi kuwa kazi ya mwanamume, wala ya waziri.

Jumatatu asubuhi gari jeusi la wizara likasimama mlangoni. Habari zilikuwa zimefika makao makuu kwamba Raia namba 417 amefariki akiwa katika makazi yake. Haikupata kutokea. Yaani ilikuwa imetokea mara nyingi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kufika makao makuu. Na sasa, kwa kuwa alikuwa ametoka kwa kibali chenye sahihi, ikakubaliwa kwamba alizaliwa, na kwa kuwa alizaliwa, akaruhusiwa kufa. Rais aliagiza mazishi ya kitaifa. Ofisa mwenye suti alileta kajeneza ka mbao nyeupe kenye nembo ya taifa, akataka kukabidhiwa marehemu ndani ya saa moja.

"Na mama yake?" akauliza Sikudhani.

Ofisa akapekua karatasi zake. "Huyo hayumo kwenye maelekezo."

Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa matanga. Akainuka taratibu, akasema, "Nitawaletea. Wanaume mkae mbele," akaenda nyuma ya nyumba, Sikudhani akamfuata. Huko nyuma, karibu na bafu, palikuwa na migomba. Bi Nyamizi akashika panga.

"Kwetu," akasema, akiinama, "mtu akichukuliwa na maji au akiliwa na vita, mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake, ili msiba upate kwisha. Hawa wanataka kuzika. Wacha wazike."

Panga lilikuwa butu, mgomba haukukatika vizuri, wakaung'oa na mzizi wake. Ulikuwa mgomba mchanga, unene wa mkono. Wakaufuta udongo, wakauvika sanda, wakaulaza kwenye jeneza na kulifunga kwa misumari. Ofisa akadai hati ya makabidhiano. Sikudhani akaandika, machozi yanamdondoka na herufi zimesimama wima: Nimekabidhi Raia mmoja, namba 417, akiwa kimya.

Mazishi yakafanyika makao makuu, kwenye uwanja wa taifa. Mizinga ikapigwa kumi na saba. Bendi ikacheza kwa huzuni. Mheshimiwa Fumbwe alisimama mbele ya jeneza, akatoa leso.

"Ndugu wananchi," akasema, "jana nilimfunua uso shujaa huyu. Nilimtazama. Alikuwa na paji la uso la kiongozi. Alikuwa na mkono wenye nguvu. Nikajiambia, huyu angekuwa waziri." Akalia, na walio karibu wanasema yalikuwa machozi ya kweli. Kisha, kwa mamlaka aliyopewa, akampandisha marehemu cheo kuwa Kanali.

Ratiba ya mazishi ilikuwa na kurasa nane. Ukurasa wa saba, chini kabisa, palikuwa na mstari unaomhusu Havijawa: Makazi ya awali, yamebomoka.

Shomari aliwekwa mstari wa mbele, kavalishwa koti la kuazima. Waziri alimshika bega mbele ya kamera. "Pole, baba. Serikali haitakuacha. Tutakutafutia makazi mengine."

"Mke wangu anaitwa Havijawa," akasema Shomari kwenye kipaza sauti.

Kipaza sauti kikazimwa. Fundi mitambo alisema baadaye ni umeme.

Sikudhani, aliyekuwa mstari wa nyuma na makarani wenzake, alihisi kinyaa. Si hasira, hasira angeijua. Ni kile unachohisi ukishagundua kilichokuwamo ndani ya chakula ulichokwisha kula. Alipofika nyumbani akayatoa masufuria yote saba nje, akayatoboa matundu kwa msumari, moja baada ya jingine, vitako vyote.

Mvua zikaja. Wiki ya tano kaburi la Kanali likapasuka juu, na katikati ya marumaru kikatokeza kitu cha kijani kilichojiviringisha. Siku tatu baadaye kikafunguka jani.

Taifa likazizima. Muujiza! Baraza likaitwa kuchunguza. Wale wazee saba walilizunguka kaburi mara nne. Mtaalamu wa mifugo alisema faraghani kwamba kwa macho yake ule ni mgomba, ila yeye ni mtu wa ng'ombe na asingependa kuingilia fani za watu. Mzee Tindwa akatamka kwamba Raia amemaliza kutafakari, na jibu lake ni kwamba hahami. Wizara ikaweka ulinzi usiku na mchana. Ikatoa amri kwamba mtu yeyote mwenye panga asisogee karibu zaidi ya hatua ishirini, na kwamba hata mche huo ukizaa hautakatwa. Ikaajiri daktari. Ikanunua gari la wagonjwa, jipya, lenye king'ora, likaegeshwa kando ya kaburi, injini ikiwashwa kila asubuhi, endapo jani litanyauka.

Ikabaki kuandikisha. Raia aliyerudi lazima afunguliwe ukurasa mpya, na ukurasa huo ulipaswa kuandikwa na mwenye mwandiko bora kuliko wote. Daftari likaletwa Kisima ndani ya kitambaa cha hariri. Sikudhani akakaa, akachovya kalamu.

Jina la raia. Akaandika: Havijawa binti Mfaume.

Jinsia. Mwanamke.

Kazi. Fundi cherehani.

Mahali anapoishi. Hapo alisimama kidogo. Kisha akaandika: Kwake.

Bwana Alfani akatia sahihi na kugonga mhuri. "Mwandiko kama huu," akasema, akatikisa kichwa kwa raha, akalifunga. Daftari likapelekwa makao makuu, likafungiwa kwenye kasha la chuma ambalo kwa mujibu wa sheria halifunguliwi kwa miaka mia. Na hivyo ndivyo mwanamke wa kwanza katika Jamhuri ya Mbeleko alivyopata daktari, ulinzi na gari la wagonjwa, na amri ya serikali kwamba mtu asimguse.

Wiki iliyofuata akaja ofisini msichana mmoja, ameletwa na jirani yake. Jirani alikuwa na tabasamu la mtu aliyetimiza wajibu.

"Namshuku huyu," akasema jirani. "Anakula udongo."

Msichana alikuwa ameinamisha uso. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na vumbi jekundu. Sikudhani akalitazama vumbi lile kwa muda. Kisha akainuka, akazunguka meza, akamgusa tumbo kwa vidole viwili kama mtaalamu, akarudi kukaa. Akafungua daftari, akaandika kwa herufi zilizosimama wima, akamgeuzia jirani asome.

Lilikuwa neno moja. Gesi.

"Gesi?" akasema jirani.

"Imeandikwa," akasema Sikudhani.

Jirani akatazama mwandiko, akashindwa kubisha, akaondoka. Msichana akabaki amesimama. "Shangazi," akanong'ona, "gesi hii itakaa muda gani?"

"Mpaka wewe mwenyewe utakapotaka kuisema. Na kama haitaki kukaa, Bi Nyamizi yupo. Nenda nyumbani, usipitie sokoni."

Mwezi huo wilaya ya Kisima iliandikisha raia sifuri na gesi mia moja na tisa. Mwezi uliofuata karani wa wilaya jirani, yule aliyekosa masufuria, alileta gesi mia mbili. Makao makuu yalishtuka sana. Mheshimiwa Dakta Fumbwe akalihutubia taifa akiwa amesimama kando ya mgomba, ambao sasa ulikuwa umempita urefu, akatangaza kwamba wanawake wa Mbeleko wamevamiwa na maradhi ya tumbo, akawakataza maharage, akaunda Kamati ya Taifa ya Kupambana na Gesi. Wajumbe saba. Kikao chao cha kwanza walikifanyia Kisima, na mwenyeji wao, karani Sikudhani, aliwaomba radhi sana kwamba hakuna pilau, kwa sababu masufuria yote yanavuja.